Kalenda ya mvua Lushoto na gharama ya kulea mtoto mdogo

Mwaka wa kaya ya mkulima katika Milima ya Usambara hauanzi Januari Mosi. Unaanza mwezi Machi, mawingu ya masika yanapotanda juu ya Magamba na majembe yakatolewa nje. Kuanzia siku hiyo kila kitu nyumbani hufuata mvua: chakula, fedha, usingizi, hata idadi ya mara ambazo mtoto mchanga ananyonya kwa siku.

Katika hesabu za kilimo, mkulima huandika mbegu, mbolea, dawa, vibarua na usafiri. Ni nadra kukuta ameandika mtoto. Lakini katika kaya nyingi za Lushoto mama ndiye anayelima, anayepalilia, anayechota maji, anayekata majani ya ng'ombe na pia anayenyonyesha. Saa moja anayoitoa shambani imetoka kwa mtoto, na saa moja anayompa mtoto imetoka shambani. Kaya isiyopanga mapema jambo hili hupata hasara pande zote mbili.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya ya Lushoto, idadi iliyojumuisha eneo ambalo sasa ni Halmashauri ya Bumbuli. Ardhi haikuongezeka. Familia nyingi zina vipande vidogo vilivyotawanyika: kimoja bondeni kwa ajili ya mboga za kumwagilia, kingine mtelemkoni kwa mahindi, maharage na migomba, na baadhi wana shamba jingine chini kabisa, nyikani. Kutoka kipande kimoja hadi kingine ni mwendo wa kupanda na kushuka, mara nyingi na mtoto mgongoni.

Masika: kazi nyingi, ghala tupu

Masika, ambayo Wasambaa huiita ng'waka, hunyesha kati ya Machi na Mei. Huu ndio wakati wa kazi nzito kuliko zote. Mahindi na maharage yanapandwa, palizi inafuata, na viazi mviringo vinahitaji kuinuliwa matuta na kupigwa dawa dhidi ya ugonjwa wa bakajani, ambao hupenda unyevu na ubaridi.

Bahati mbaya, ni wakati huo huo akiba ya chakula cha mwaka uliopita inapokwisha. Kaya hununua unga dukani huku ikiwa haijauza kitu. Mama anaondoka alfajiri na kurudi mchana, na mtoto anaachwa kwa bibi au kwa dada yake mwenye miaka saba au minane.

Wataalamu wa lishe wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akipewa chakula laini mara mbili hadi tatu kwa siku, na akitimiza miezi tisa apewe mara tatu hadi nne. Wakati wa palizi ratiba hiyo huvunjika. Uji unapikwa asubichi mara moja, mwepesi, na mtoto anaunywa ukiwa umepoa hadi mama arudi.

Ndiyo maana mkoa unaolisha miji kwa mboga na matunda unaweza kuwa na watoto waliodumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Kudumaa hakusababishwi na njaa peke yake. Mtoto anayekula ugali na mboga za majani kila siku, bila maharage ya kutosha, yai, dagaa wala maziwa, anashiba lakini harefuki.

Kipupwe: baridi, ukungu na fedha

Juni mvua inapungua na baridi inaingia. Ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi katika vijiji vya juu kama Lukozi na Malindi. Nyumba hufungwa, kuni zinawaka ndani, na mtoto hukaa karibu na moshi. Miezi hii kikohozi na homa ya mapafu huwasumbua watoto. Mtoto anayepumua haraka, au ambaye kifua kinabonyea anapovuta pumzi, hatakiwi kusubiri gulio lipite. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Julai na Agosti mahindi yanakomaa, na kuyakausha katika ukungu ni tatizo. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu unaoweza kutoa sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa mtoto, uji wa mahindi ni chakula cha kila siku, hivyo punje zilizooza zisipelekwe mashine kwa kisingizio kwamba ni za uji tu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja badala ya ardhini, yakauke vizuri, kisha yawekwe katika mifuko isiyopitisha hewa.

Hiki pia ni kipindi cha mauzo. Viazi, kabichi, karoti na nyanya zinashuka kwa malori kupitia Soni hadi Mombo, kisha Tanga na Dar es Salaam. Mvua ndogo za mluati, zinazonyesha kati ya Agosti na Septemba, husaidia mboga za awamu ya pili. Kwa wiki chache nyumba ina fedha taslimu. Hapa ndipo mwaka mzima wa mtoto huamuliwa.

Hesabu ya siku ya mauzo

Chukulia, kwa mfano, kaya ya watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Mmoja ana miezi minane, mwingine miaka mitatu, na wa kwanza ataanza darasa la kwanza Januari. Baada ya kulipa madeni ya pembejeo na usafiri, wamebakiwa na Sh900,000 za viazi na kabichi.

Ukigawa kwa miezi 12, ni Sh75,000 kwa mwezi. Lakini fedha hizo hazijigawi zenyewe. Zikikaa mfukoni, sehemu huenda kwenye simu mpya, sehemu kwenye sherehe, na ifikapo Novemba mtu anakopa mbegu.

Mgawanyo ufuatao unaweza kufanywa siku ile ile ya mauzo, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja: Sh300,000 za mbegu na mbolea ya vuli; Sh150,000 za sare, madaftari na viatu vya Januari; Sh180,000 za chakula cha watoto kwa miezi sita migumu; Sh100,000 za matibabu; na Sh170,000 zinazobaki za sabuni, mafuta, chumvi na mahitaji mengine.

Sh180,000 zikigawanywa kwa miezi sita ni Sh30,000 kwa mwezi, yaani Sh1,000 kwa siku. Fedha hiyo haiwezi kuwashibisha watu sita, lakini inatosha kuongeza yai, dagaa au maziwa kwenye sahani ya watoto wadogo wakati ghala limekwisha. Kila kaya itabadilisha tarakimu kulingana na bei za gulio lake. Muhimu ni fungu la mtoto litengwe kabla fedha haijatawanyika, na liwekwe mahali pa kutolewa kidogo kidogo, kama kwenye kikundi cha kuweka na kukopa au akaunti ya simu inayoshikwa na mama.

Lipo pia eneo ambalo fungu hilo hupotea kabla halijafika nyumbani, nalo ni lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao kama viazi lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ana mamlaka ya kuchukua hatua. Mkulima anayejaza gunia hadi kilo 130 kwa bei ya kilo 100 anatoa kilo 300 bure katika kila magunia 10. Kama gunia ni Sh50,000, ameacha Sh150,000 barabarani. Kiasi hicho ndicho kilichotengwa kwa ajili ya sare na madaftari katika mfano wetu.

Wachuuzi nao wana hoja yao: wakikataa lumbesa peke yao, mwenzao ataichukua. Kwa hiyo dawa si mkulima mmoja mmoja kugoma, bali kijiji kizima kuuza kwa mizani mahali pamoja.

Vuli na matunda

Mvua za vuli huanza Oktoba na kufika Desemba. Maharage ya vuli ndiyo mkombozi wa watoto, kwa kuwa hukomaa mapema na yana protini. Kaya inayouza maharage yote Januari kwa sababu ya ada na michango, kisha ikayanunua Aprili kwa bei ya juu, imejikopesha kwa riba kubwa bila kujua. Ni heri kutenga debe moja au mawili kwa ajili ya masika, na kuyapaka dawa sahihi ya kuhifadhia au kuyaweka katika mifuko isiyopitisha hewa.

Desemba hadi Machi ni msimu wa plamsi, mafyulisi na mapeasi. Watoto hula wanavyotaka, na mengi huoza chini ya miti kwa kukosa soko. Matunda hayo ni mazuri, lakini hayachukui nafasi ya maharage au maziwa.

Wakati huo baadhi ya familia hushuka nyikani kuandaa mashamba. Huko juu malaria ni chache kuliko bondeni, hivyo mtoto aliyekulia milimani hana kinga iliyojengeka. Akipelekwa Mombo au Mkomazi hata kwa wiki moja, chandarua chenye dawa kiwe mzigo wa kwanza kufungwa.

Tahadhari nyingine inahusu dawa za nyanya na kabichi. Mama asipige dawa akiwa na mtoto mgongoni, na bomba la dawa lisioshwe kwenye mfereji unaotumiwa nyumbani. Mboga zilizopigwa dawa jana hazifai kuchumwa leo kwa ajili ya chakula; lebo ya kila dawa inaonyesha siku za kusubiri.

Mikono ya mama ina mwisho

Historia ya Usambara inafundisha jambo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa hifadhi ya udongo katika bonde la Mlalo, ambao baadaye ulipanuliwa. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta yaliyofungwa, kazi iliyohitaji mikono mingi ambayo kaya haikuwa nayo. Walipinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Mradi wa SECAP, ulioanza mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, ulifuata njia nyingine: mistari ya majani kwenye kontua, miti na ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani. Majani yanashika udongo, ng'ombe anakula majani, na mtoto anapata maziwa. Wazo hilo ni zuri na limebaki katika vijiji vingi.

Hata hivyo, ng'ombe wa ndani anakula kila siku, na mzigo wa majani mara nyingi uko kichwani kwa mama. Pia yapo mazizi ambako maziwa yote huuzwa na mtoto wa mwenye ng'ombe anakunywa chai ya rangi. Kaya inayofuga ipande majani karibu na banda, mume achukue zamu ya kukata, na kikombe cha mtoto kipimwe kabla maziwa hayajaenda kwa mnunuzi.

Vijiji navyo vina nafasi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahimiza vituo vya kulelea watoto katika jamii. Kwa Lushoto hakuna haja ya kusubiri jengo kubwa. Akina mama 10 wa kitongoji kimoja wanaweza kupeana zamu wakati wa palizi: wawili wanabaki na watoto na kupika uji mzito wenye maharage au dagaa, wanane wanalima, na mashamba ya waliobaki hulimwa siku yao ikifika. Wasambaa, kama makabila mengine, wamezoea kulima kwa ushirika. Hapa kinachoongezwa ni sufuria ya uji.

Faida yake inahesabika. Mama anayejua mtoto wake amekula anamaliza mstari wake bila kukimbia nyumbani. Dada wa miaka minane anabaki shuleni. Na palizi ikiwahi, mahindi hayazidiwi na magugu.

Kaya ambayo haijaanza inaweza kufanya jambo moja kabla ya masika yajayo: kuchukua daftari la shamba, ambamo mbegu na mbolea tayari zimeandikwa, na kuongeza mstari wa mtoto. Uandikwe mwezi ambao chakula kitapungua, kiasi kilichotengwa, na jina la mtu atakayebaki naye siku za palizi. Mstari huo usijazwe na mtu mmoja; baba na mama waujaze pamoja.