Mbwa Ameokota Nini Ufukweni?

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia afya ya mama, mtoto na wazee. Mwezi huu tumeona vema tumzungumzie mbwa wa nyumbani, kwa sababu mbwa hatembei peke yake. Hufuatana na watoto wanapokwenda ufukweni maji yakipwa, humfuata mama shambani, huwasindikiza vijana machungani. Anachokiokota yeye leo, mtoto wa miaka miwili anaweza kukiokota kesho. Nyumba inayojua mbwa wake amedhurika kwa kitu gani huwa imeonywa mapema.

BUNJU ALIYETUPWA MCHANGANI

Wavuvi wanapovuta wavu hadi ufukweni, samaki wasiofaa hutupwa palepale mchangani. Miongoni mwao ni bunju, ambaye sehemu nyingine huitwa totovu: yule samaki mwenye meno kama mdomo wa kasuku, anayejijaza akawa kama mpira anapotishwa. Watoto humpenda kwa mchezo. Mbwa humpenda kwa harufu, hasa akishakaa juani nusu siku.

Sumu ya bunju huitwa tetrodotoksini. Imo zaidi katika ini, mayai, utumbo na ngozi, na kiasi chake hubadilika kufuatana na aina ya samaki na majira. Ndiyo maana utamsikia mtu akijisifu kwamba alikula bunju asidhurike. Tusimsikilize. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na kumkausha samaki juani hakumfanyi awe salama. Huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari kwenye misuli. Mbwa hutapika, hudondosha mate, miguu ya nyuma hulegea, huyumba kama mlevi, na mwishowe misuli ya kupumulia husimama. Kwa binadamu huanza kwa ganzi ya midomo na ulimi, mara nyingi kabla saa moja haijapita, na mgonjwa anaweza kuwa na akili timamu huku hawezi kuinua hata mkono. Hakuna dawa inayoibatilisha. Kinachookoa maisha hospitalini ni kumsaidia mgonjwa kupumua mpaka sumu imtoke mwilini. Kwa mbwa wa kijijini msaada huo haupo, kwa hiyo kinga ndiyo matibabu yake.

Wala tusidhani ni bunju peke yake. Mwaka 2009 huko New Zealand, mbwa kadhaa walikufa baada ya kutembezwa kwenye fukwe zilizo karibu na mji wa Auckland. Watu wengine walishuku sumu ya panya iliyokuwa imemwagwa visiwani. Wachunguzi walipopima walikuta sumu hiihii ya bunju, safari hii ndani ya konokono wa baharini asiye na gamba. Mnyama huyo hakuwa anajulikana kuwa na sumu hiyo.

Basi tuwe na desturi hii: kitu chochote cha baharini kilichokufa na kulala mchangani, mbwa asikiguse. Afungwe kamba fupi tunapopita dikoni, na ale kidogo kabla ya kutoka nyumbani ili asitembee na njaa. Tuwaombe pia wavuvi wetu wamfukie bunju kwenye shimo refu, kwa maana shimo fupi mbwa hulifukua. Konyeza naye huwasha hata akiwa amekufa. Na tuchukue chupa ya maji baridi ya kunywa. Mbwa mwenye kiu hunywa maji ya bahari, na chumvi nyingi humletea kutapika, kuharisha na hata degedege.

Walio kando ya ziwa wana jambo lao. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagwa, hasa kwenye ghuba zilizotulia za Ziwa Victoria, mbwa asiogelee wala asinywe. Baadhi ya vimelea vya kijani hivyo hutoa sumu inayoharibu ini, na mbwa akishatoka majini hujilamba manyoya na kuimeza. Watoto nao wasichezee hapo.

NJIA YA SHAMBANI

Huku sumu nyingi ni zile tulizozileta wenyewe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe humwagwa kando ya josho, mbwa hunywa kwenye dimbwi. Makopo ya viuadudu hutupwa mtoni. Tungesema mengi, lakini dawa ya panya ndiyo inayotusumbua zaidi, maana hutiwa ndani ya chambo kitamu kama pumba, dagaa au ugali, na pumba hazichagui nani azile.

Dawa za panya si za namna moja. Zipo zinazozuia damu isigande: mbwa huonekana mzima siku mbili, tatu au zaidi, ndipo hutokwa na damu puani au kwenye fizi, huchoka na kupumua kwa shida. Huyu akiwahiwa hutibika kwa vitamini K, na dawa hiyo hutolewa kwa wiki kadhaa, si siku moja. Nyingine ni zinki fosfidi, unga wa kijivu au mweusi unaonuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Ikikutana na asidi ya tumbo hutoa hewa ya sumu inayoua kwa muda mfupi. Mbwa akiitapika, fungueni milango na madirisha, watoto watoke, wala mtu asiinamie matapishi kunusa.

Mbegu za mbarika, zile zenye madoa mazuri ambazo watoto huzitumia kuchezea bao, nazo zina sumu kali zikitafunwa. Zikimezwa bila kuvunjika hatari hupungua, lakini mbwa na mtoto wote hutafuna.

Mizogo nayo tuiogope. Wapo wafugaji ambao wakipoteza ng'ombe kwa simba au fisi hutia sumu kwenye mzoga ili kulipiza. Aprili 2018, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, simba 11 walikutwa wamekufa, wanane kati yao wakiwa watoto, na ilishukiwa kuwa walikula mzoga uliotiwa sumu. Mzoga kama huo huua tai, fisi, na mbwa wa mchungaji anayepita jirani. Ukiona mzoga wenye nzi waliokufa juu yake au ndege waliokufa pembeni, ondokeni, mkatoe taarifa.

MAZIWA SI DAWA YA SUMU

Katika nyumba nyingi mbwa akila sumu jambo la kwanza ni kumnywesha maziwa, mafuta ya kupikia au mayai mabichi. Tunaelewa nia yake, lakini mara nyingi humwongezea madhara. Mafuta husaidia baadhi ya sumu kuingia mwilini upesi. Kwa zinki fosfidi, chakula chochote huongeza asidi tumboni na hivyo hewa ya sumu. Mbwa anayetetemeka au aliyezimia akinyweshwa, kinywaji huenda mapafuni. Maji ya chumvi ya kutapisha ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si ule mkaa wa dawa anaoutumia daktari.

La kufanya ni hili. Mwondoe mahali penye sumu. Dawa ikiwa imemwagikia ngozi, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nawe uvae mifuko ya plastiki mikononi. Chukua pakiti, kopo au kipande cha alichokula, andika saa aliyokula, umpeleke mara moja kwa daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata. Usingoje dalili. Kwa baadhi ya viuadudu ipo sindano inayosaidia, lakini lazima mtaalamu ajue ni dawa gani. Na kama ni mtoto aliyekula, mfanyieni haraka ileile kuelekea hospitali, pakiti mkononi.

Tumeliweka mwisho jambo ambalo wengi hulisahau. Mbwa anayedondosha mate, kutetemeka na kuyumba anaweza asiwe amekula sumu kabisa. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Kwa hiyo usitie mkono kinywani mwake kutafuta mfupa au sumu, hata kama ni mbwa uliyemlea mwenyewe, na zaidi kama hajachanjwa au tabia yake imebadilika siku hizi chache. Mfungie mahali peke yake kama unaweza kufanya hivyo bila kumshika, kisha mwite mtaalamu. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate yake kwenye kidonda, jicho au mdomo, aoshe mahali hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, akitumia sabuni kwenye kidonda, na siku hiyohiyo aende kituo cha afya akachanjwe, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.