Fahamu: Ukikodi ndege Kamina, unalipia nini?

Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni njia panda ya reli: moja huelekea Lubumbashi, nyingine Ilebo, nyingine Kalemie. Asiyeweza kungoja treni, na mwenye uwezo, hukodi ndege.

Hapo hununui kiti. Unalipia ndege nzima, ijae isijae. Ikirudi tupu Lubumbashi ilikotoka, gharama ya kurudi nayo ni juu yako.

Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan hupendwa kwa kuwa hutua hata kwenye uwanja wa udongo. Mizigo hupimwa kwenye mzani, na abiria pia.

Kabla ya kulipa, ulizia kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Tangu 2006, Umoja wa Ulaya umeyafungia anga yake mashirika ya ndege ya Kongo kwa sababu za usalama.