Kiwiko cha jembe: Piga hesabu kabla ya kuuza mbuzi kulipia leza

MKULIMA wa Nyarero, wilayani Tarime, ambaye hajawahi kushika raketi anaweza kuugua ugonjwa unaoitwa kiwiko cha tenisi. Jina hilo lilianza baada ya daktari Mwingereza, Henry Morris, kuandika mwaka 1882 juu ya mkono wa wacheza tenisi, lakini wagonjwa wengi hawachezi mchezo huo. Wanaupata katika kupalilia, kufyeka kwa panga, kukamua ng'ombe, kuzungusha mashine ya kumenya kahawa au kugonga mawe kwa nyundo.

Kinachouma ni kano za misuli inayoinua kiganja, pale zinapojishikiza kwenye mfupa wa upande wa nje wa kiwiko. Mgonjwa, mara nyingi mtu wa miaka 35 hadi 55, akinyanyua kigoda huku kiganja kikitazama chini, anasikia maumivu hapo hapo. Kukamua nguo kunamshinda, na jembe halishikiki.

Katika miji mikubwa wapo wanaotibu maradhi haya kwa mwanga wa leza. Si leza ile ya kukatia nyama katika upasuaji. Hii ni dhaifu, haikati wala haiunguzi. Je, inasaidia? Uchambuzi wa majaribio mbalimbali ulioongozwa na Jan Bjordal wa Norway, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa mwanga wa nanomita 904, ukielekezwa penye kano zenyewe, hupunguza maumivu kwa muda mfupi. Leza za aina nyingine kadhaa hazikuonyesha faida hiyo. Kwa hiyo anayeahidi kuponya kabisa kwa leza anauza zaidi ya alichonacho dukani.

Sasa tuje kwenye mfuko. Leza haipigwi mara moja. Chukua mfano wa mara 10, yaani mara mbili kwa wiki kwa wiki tano. Kutoka Tarime hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200, hivyo mgonjwa ama alipe nauli mara 10 kwenda na kurudi, ama apange chumba mjini wakati magugu yanameza mahindi yake. Nauli hiyo peke yake, kabla hata ya kulipia tiba, ingeweza kumlipa kibarua siku kadhaa za palizi. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe: kibarua akishika jembe, kiwiko kinapumzika, na wagonjwa wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila leza yoyote. Wenye risaga, ule utaratibu wa Wakurya wa kusaidiana shambani, wana nafuu zaidi, maana zamu inaweza kulipwa baadaye mkono ukipona.

Ipo pia sindano, ambayo wengi huipenda kwa sababu inatuliza haraka. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kuwa kati ya waliopata nafuu kwa sindano ya steroidi, asilimia 72 waliumwa tena. Kwa mtu anayetegemea mkono huo msimu ujao, hiyo ni biashara mbaya.

Zoezi lililo rahisi halina gharama. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kikining'inia ukingoni, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Inua kwa msaada wa mkono mzima, kisha shusha polepole kwa mkono mgonjwa peke yake. Fanya kila siku kwa wiki kadhaa. Maumivu kidogo yanavumilika, yakizidi punguza maji. Ndoo na mizigo ibebwe kiganja kikitazama juu.

Jembe nalo likaguliwe. Likiwa butu, au mpini umelegea, mkono hukaza zaidi kwa kila pigo.

Lakini mwenye ganzi vidoleni, uvimbe wenye joto, homa, au aliyeumia kwa kuanguka, huyo asipoteze muda na chupa. Aende hospitali ya wilaya apimwe.