Vyuma Visivyo vya Chuma

Hakuna hoja niliyochoka kuisikia katika habari za mazoezi ya mwili kama ile idaiyo kwamba neno vyuma, kwa maana ya vile vitu vizito vinyanyuliwavyo ili kutunisha misuli, lilizaliwa relini; ati Wajerumani walipoipitisha reli ya kati katika nchi ya Ugogo, vibarua walishindana kunyanyua mapande yake, na stesheni ya Gulwe ndiyo chimbuko. Kwamba reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 ni kweli, lakini si ithibati ya neno. Chuma ni neno la Kibantu la kale, na huko Buhaya watu walikuwa wakiyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita. Fauka ya hayo, reli ya ratili 80 kwa yadi ina karibu kilo 40 katika kila mita, na pande zima hubebwa na kikosi, si na mtu mmoja ajionyeshaye kifua.

Wala si lazima kifaa cha kunyanyua kiitwe kwa jina la chuma: Wavietnam hukiita tạ, nalo ni jina la kipimo cha uzito, ambacho zamani kilikuwa kama kilo 60 na leo ni kilo 100 kamili. Nasi vipimo tulikuwa navyo: wapagazi waliopita Mpwapwa na pembe za ndovu waliijua vyema frasila, yenye ratili 35, jinsi iumizavyo bega, hata hivyo hakuna kijana aagaye nyumbani akisema anakwenda kupiga frasila.

Nilikusudia kutoka hapo niingie katika dambeli na jimu, maneno yasiyo na fumbo, lakini siwezi kuyaruka makopo ya rangi. Uani, kopo la lita 4 humiminwa zege, bomba la maji likasimamishwa katikati. Likisha kukauka, hupinduliwa na ncha ya pili ikatiwa kopo lake. Navyo huitwa vyuma, ilhali chuma ni bomba tu! Hapo huzuka upuuzi wa mabingwa wa mtaani, kwamba kilo 10 za zege "hazijengi" kama kilo 10 za chuma. Lita ya zege ina kama kilo 2.4, ya chuma karibu 7.9; zege, basi, hutaka nafasi zaidi ya mara tatu, na msuli hauna habari ya nafasi. Kinachodhuru ni kopo moja kubakishwa vidole viwili, maana hapo hupungua karibu kilo 2, bomba likainamia upande na kiuno kikapinda kulifuata. Wapo wautibuo upungufu huo kwa hirizi ya mkononi, nami sina subira nao. Zege la kila kopo lipimwe likiwa bado bichi, kwenye mizani ya muuza mahindi, ndipo limiminwe.