Pipi, Muwa na Supu ya Kongoro

Kwa kawaida ukurasa huu huwa wa wazazi. Wiki hii tumewaachia watoto, na wazazi wanaruhusiwa kuchungulia. Tuanze na swali ambalo jibu lake limewekwa mwishoni. Atakayeruka mistari kulifuata, basi amejidhulumu mwenyewe. Ile pipi laini kama pamba, inayozungushiwa kijiti siku ya Idd na kuyeyuka ulimini kabla hujaionja vizuri: aliyebuni mashine yake alikuwa na kazi gani?

Mkiwa mnafikiri, twendeni Ujiji. Mwezi Februari mwaka 1858 wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walifika hapo kwa kufuata njia ya misafara ya Waarabu na Waswahili itokayo pwani. Miongoni mwa vitu ambavyo Burton alivitaja kuwa havikosekani katika soko la Ujiji ni muwa. Reli ilikuwa bado. Ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo pipi kongwe ya mji huu haina karatasi wala rangi. Huvuliwa ganda kwa meno, ikatafunwa, na makapi yakatemwa.

Wahindi wa kale ndio walioufanya utamu wa muwa uweze kusafiri mbali, walipojua kuichemsha maji yake na kuikausha hata ikawa chembechembe. Chembe hizo waliziita sharkara, neno lenye maana ya changarawe. Waajemi na Waarabu wakalipokea, kwa Kiarabu likawa sukkar, nasi tukasema sukari. Basi mtoto wa Mwanga anayetumwa dukani kununua nusu kilo ya sukari, kwa lugha ile ya kale ametumwa changarawe!

Lakini kabla ya sukari palikuwa na asali. Sura ya 16 ya Qur'ani Tukufu imepewa jina la nyuki, An-Nahl, na katika aya ya 68 na ya 69 Allah (s.w.t.) anatueleza jinsi alivyompa mdudu huyu ilhamu, na jinsi kinywaji kitokacho tumboni mwake kilivyo na ponyo kwa watu. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipenda vitu vitamu na asali. Katika misitu ya miombo ya Kibondo, Kasulu na Uvinza wazee wetu hutundika mizinga juu ya miti mpaka leo. Hesabu ya kushangaza ni hii: nyuki mfanyakazi mmoja, kwa umri wake wote, hutengeneza takriban sehemu moja tu ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Ukilamba kijiko kimoja, umelamba kazi ya maisha ya nyuki kumi na wawili. Usikidondoshe.

Sasa tuingie jikoni. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Ujiji huchemka yakifika karibu nyuzi 97, mapema kidogo kuliko ya Dar es Salaam, ambayo husubiri 100. Shira ya sukari huendelea kupanda. Ili pipi iwe ngumu na ivunjike kwa mlio, shira hufikishwa karibu nyuzi 150. Ndiyo maana mtoto hakaribii sufuria ya kashata, hata akiitwa na harufu ya karanga: shira hunata kwenye ngozi na kuunguza kuliko maji.

Kashata, basi, hushikwa na sukari yenyewe. Halua ya Unguja na ya Oman hushikwa na wanga, ikikorogwa kwa mwiko mrefu kwa saa nyingi bila kupumzika. Je, zile pipi za jeli, zinazovutika kama mpira na kurudi, hushikwa na nini?

Jibu mmekwisha kuliona nyumbani. Supu ya kongoro ikilala usiku katika sufuria, asubuhi huikuta imeganda, na ukiitikisa inatetemeka. Kilichoigandisha ni jelatini, iliyotoka katika ngozi, mifupa na kano za kwato. Viwandani huitoa vivyo hivyo, wakaikausha ikawa unga. Tatizo ni mnyama. Barani Ulaya sehemu kubwa ya jelatini ya chakula hutokana na ngozi ya nguruwe. Wapo wanazuoni waliojadili kama kitu kilichobadilika kabisa hubakia na hukumu yake ya asili, lakini wengi hawakuikubali hoja hiyo kwa jelatini ya nguruwe. Na hata ng'ombe ana sharti lake: awe amechinjwa kisheria. Jelatini ya samaki ipo pia, nayo haina mgogoro.

Picha ya juu ya pakiti haitoshi kukuambia. Kampuni ya Haribo ilianzishwa mjini Bonn, Ujerumani, mwaka 1920, na miaka miwili baadaye ikatoa pipi zake za jeli zenye umbo la dubu. Leo kampuni hiyo hiyo ina kiwanda Uturuki kinachotumia jelatini ya ng'ombe kwa ajili ya Waislamu. Dubu ni yule yule, mwenye rangi zile zile, na hukumu mbili.

Kwa watu wa Kigoma jambo hili lina ugumu wa ziada. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na jirani ni Burundi, ambako pakiti nyingi huandikwa Kifaransa. Mgeni akikuletea pipi, tafuta neno "gélatine", kisha tazama linalofuata: "porc" ni nguruwe, "bœuf" ni ng'ombe, "poisson" ni samaki. Lisipofuatiwa na neno lolote, wala pasiwe na alama ya halali, iweke kando mpaka mkubwa aulize. Na wewe mzazi, usimnyang'anye mtoto pipi kwa ukali mbele ya mgeni. Mpe kashata mkononi kwanza, ndipo umweleze habari ya kongoro. Mtoto aliyeelewa ataisoma pakiti hata siku ambayo wewe hupo.

Haya, jibu la swali letu. Mashine ya pipi ya pamba ilibuniwa Marekani mwaka 1897 na William Morrison akishirikiana na mtengeneza pipi, John Wharton. Mwaka 1904 waliiuza pipi yao katika maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis, na watu wakaigombania. Pipi hiyo ni sukari iliyoyeyushwa, ikatiwa rangi na kurushwa kwa kasi hata ikawa nyuzi; jelatini haimo. Na Bwana Morrison alikuwa daktari wa meno.

Nendeni mkapige mswaki.