Uwanja wa ndege Mafia: Mgeni ametua, nyanya ziko wapi?

NDEGE ndogo yenye viti vipatavyo 12 hutumia zaidi kidogo ya nusu saa kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni, Mafia. Anayekwenda kwa maji kupitia Nyamisati hutumia saa kadhaa. Ndiyo maana watalii wengi wanaofuata matumbawe ya Ghuba ya Chole na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hufika kisiwani kwa ndege.

Kiwanja hicho kilikuwa cha changarawe. Njia yake ya lami, yenye urefu wa takriban kilomita 1.6, ilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani kupitia MCC, katika mkataba uliosainiwa mwaka 2008 na kumalizika mwaka 2013.

Wapo wanaodhani kuwa faida ya mkulima katika uwanja wa ndege ni kusafirisha mazao. Hesabu haikubali. Abiria wa kilo 80 mwenye mzigo wa kilo 15 huchukua nafasi ya kilo 95. Nafasi hiyo ikijazwa nazi zilizofuliwa, tuseme za kilo moja moja, zitaingia nazi 95, na kila moja italazimika kubeba sehemu yake ya nauli. Hakuna mnunuzi wa Kariakoo atakayelipa bei hiyo. Nazi na mihogo vitaendelea kusafiri kwa vyombo vya majini.

Faida iko upande wa pili. Mgeni akishatua lazima ale. Kila kilo ya mboga inayoagizwa Dar es Salaam hubeba nauli, upakiaji na hasara ya kuoza njiani. Gharama hizo ndizo nafasi ya mkulima wa Mafia. Akiuza chini ya bei ya Dar es Salaam ikijumlishwa na usafiri, kwa ubora uleule, hoteli haina sababu ya kuagiza mbali.

Soko dogo

Hata hivyo, soko hili si la kukimbilia kwa pupa. Chukua mfano wa hoteli yenye wageni 20. Kila mmoja akila gramu 200 za nyanya kwa siku, hoteli inahitaji kilo 4 kwa siku, yaani kilo 28 kwa wiki. Ekari moja ikitoa tani 3 tu, mavuno hayo yangetosha hoteli hiyo kwa zaidi ya wiki 100, wakati nyanya mbivu haikai hata wiki mbili. Wakulima watano wakipanda ekari moja moja kwa pamoja, wote watapata hasara.

Njia salama ni kupanda matuta machache kila baada ya wiki mbili, na wakulima kugawana zamu na mazao: huyu nyanya, yule bamia, mwingine mchicha na papai. Kikundi kiwe na mkusanyaji mmoja na mizani moja, ili hoteli ijue wa kumpigia simu.

Kalenda ya wageni

Msimu wa potwe huanza Oktoba na kuendelea hadi karibu na masika. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga kwa sababu ya mvua. Nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hivi, kisha huchukua wiki 10 hadi 12 shambani kabla ya kuanza kuchumwa. Anayetaka kuuza mwanzoni mwa Oktoba hana budi kusia mbegu katikati ya Juni. Huo ni wakati wa kiangazi, kwa hiyo kisima na samadi viandaliwe mapema.

Nyanya ndogo au zenye makovu zipelekwe soko la Kilindoni. Wilaya ina wakazi zaidi ya 66,000 kwa sensa ya mwaka 2022, nao hula mwaka mzima, hata ndege zinapopungua.

Kabla ya kununua mbegu, mkulima amwulize mnunuzi wa hoteli mambo matatu: kilo ngapi kwa wiki, siku gani ya kupeleka, na malipo lini. Kama hoteli hulipa mwisho wa mwezi, mkulima awe na akiba ya kumfikisha huko, la sivyo ataishia kumuuzia mchuuzi kwa bei ya kutupa.