Manjano ya mtoto mchanga: Usisubiri mwili uwe moto

Katika lugha yetu jina "homa ya manjano" limebeba maradhi mawili yasiyo na undugu. Ya kwanza ni ya virusi, huenezwa na mbu, na msafiri huchanjwa kujikinga nayo. Ya pili ni ile rangi ya manjano machoni na katika ngozi ya mtoto mchanga, ambayo aghalabu haina homa yoyote. Mkanganyiko huu una madhara. Mzazi humgusa mwanawe kwenye paji la uso, akakuta hana joto, akatulia.

Rangi hiyo hutokana na bilirubini, taka inayobaki chembechembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini huichuja ikatoka kwa choo, lakini ini la mchanga bado halijakomaa. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto hupata manjano katika wiki ya kwanza, na wengi hupona kwa kunyonya vizuri tu. Maji ya glukosi hayasaidii kitu. Ila bilirubini ikizidi mno huingia ubongoni, na huko huacha uziwi na ulemavu usioondoka.

Hapa ndipo joto la mwili linapohusika. Mchanga hawezi kutetemeka ili ajipashe joto. Akipoa, huchoma akiba yake ya mafuta na tindikali huongezeka katika damu. Bilirubini iliyokuwa imeshikwa na protini ya damu huachiliwa, ikapata njia nyepesi ya kufika ubongoni. Baridi, basi, ni hatari kwa mtoto huyu kuliko kwa mwenziwe.

Joto la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Mwenye manjano akizidi hapo, au akashuka chini ya 35.5, yamkini ana maambukizi: apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo akiwa wa manjano kabla ya kutimiza saa 24, akiwa na viganja na nyayo za manjano, au akilala mno asitake kunyonya. Asiye na homa naye hasubiri.

Je, jua la asubuhi? Desturi hii si upuuzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona kuwa jua hufifisha manjano, na kutokana na hayo zikaja taa za mwanga wa buluu. Lakini hospitalini mtoto huvuliwa nguo huku akipimwa joto na kufunikwa macho. Uani, mtoto aliyevuliwa hupoa kwa upepo. Saa nne jua humchoma na kumkausha maji. Na aliyefunikwa nguo hapati mwanga wa kutosha.

Zipo desturi zetu za kuangaliwa. Chumba cha arobaini huwa na mapazia mazito, na manjano hayaonekani gizani. Mlete mtoto dirishani kila siku, umtazame weupe wa macho na fizi. Siku ya akika, akishanyolewa, avishwe kofia mara moja, kwani kichwani ndiko anakopoteza joto jingi. Na zile nguo zilizohifadhiwa sandukuni kwa vidonge vya naftalini asivishwe kabisa. Baadhi ya watoto wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo lisilo adimu katika nchi zenye malaria kama zetu, na mvuke wa naftalini huvunja damu yao kwa kasi.